Niliandika Mkojo wa Baba Bila Kuupima

Ilianza Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, na kosa ni langu. Simsingizii mtu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ni mtu wa haya. Ila haya si kisingizio, najua.

Baba alikuwa na siku ya pili amelazwa katika hospitali ndogo nje kidogo ya mji. Kijiwe cha nyongo kilikuwa kimeziba njia, kongosho likavimba. Mama alikuwa nyumbani Ipagala na kichanga cha wiki mbili, kwa hiyo mchana nilikaa mimi.

Nesi alinipa jagi lenye mistari na karatasi. "Kila akikojoa, pima, andika saa na kiasi."

Nikatazama chini. Akacheka. "Kidato cha tatu unaogopa mkojo? Maabara huwa mnapima nini, soda?"

Kwetu Wagogo, binti akishakua hasogei hata karibu na bafu baba yake akiwa anaoga. Sasa nishike mkojo wake mbele ya wodi nzima ya wanaume?

Baba naye hakuniangalia. Alirudi kutoka chooni akishika ukuta, jagi ameliacha kitandani. "Mama," ndivyo anavyoniita, "andika tu kama ile ya jana."

Mzee wa kitanda cha pili, muuza vitenge, akadakia: "Nyie Wagogo mtakufa na aibu zenu. Mkojo nao una siri gani?"

Baba akatabasamu. Mimi nikaandika mililita mia tatu.

Saa saba nikaandika mia mbili na hamsini, ili zisifanane. Sikumuuliza hata kama alikojoa. Baadaye sana ndipo alisema siku ile yalikuwa matone tu, meusi kama chai ya rangi iliyolala.

Daktari alipita saa nane, akasoma karatasi yangu. "Maji yanatoka vizuri. Punguzeni dripu." Nilimsikia. Nilikuwa namenya chungwa langu. Niliendelea kumenya.

Saa kumi na moja jioni tumbo la baba lilikuwa limekaza, anahema haraka, ananiita jina la shangazi. Wakampandisha gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa. Mama alimwacha mtoto kwa jirani akamfuata huko. Mimi nikabaki nakunja shuka.

Daktari wa huko alitueleza baadaye. Kongosho likivimba na kuwaka, ule moto hauishii palepale. Unasambaa na damu mwili mzima, mishipa inavuja, maji yanaacha damu yanakwenda kujaa tumboni na kwenye mapafu. Figo zinakaukiwa. Mkojo kupungua ni dalili inayowahi kuonekana, ndiyo maana wanaupima, ili waongeze maji mapema.

Akasema huenda ingefika huko hata kama ningepima, maana ule uvimbe ulikuwa mkali. Huenda.

Baba yuko hai. Figo hazijarudi. Mara tatu kwa wiki anakwenda kusafishwa damu, na shamba lake la zabibu sasa analimiwa na watu. Mama haniulizi kitu. Nafua, napika, naenda shule. Silii. Nilidhani ningelia.

Wewe mwenye mgonjwa, ukipewa karatasi na unaona haya, sema unaona haya. Watakucheka, halafu watamtafuta mwingine. Usiandike kitu ambacho hukukiona.

Ijumaa ile, kesho yake baba alipohamishwa, saa moja asubuhi nilirudi hospitali ndogo kuchukua vyombo. Nesi alikuwa anaingia zamu.

"Shikamoo, sista. Zile namba za jana nilitunga."

Hakuitikia marahaba. Alipiga simu hospitali kubwa, akasubiri wapokee, kisha akaninyooshea.

"Waambie wewe."

Nikaishika kwa mikono miwili. "Mimi ni mtoto wake," nikasema. "Jana hakuna kilichopimwa."