Njia Mbili Kuzunguka Bwawa

Mzee niliyezoea kukaa naye asubuhi kando ya bwawa hapa Tukuyu amefariki. Taarifa niliipata sokoni nikichagua ndizi, nikaziacha pale pale na kuondoka bila kuaga. Hatukuwa ndugu. Mimi ni mwalimu mstaafu niliyeletwa huku na ajira nikasahau kurudi kwetu. Yeye alikuwa mkulima kutoka kijijini Kinyala aliyefiwa na mkewe, akahamia kwa mwanawe, kata ya Bagamoyo ya hapa hapa mjini.

Wasomaji wa hapa mnalijua eneo lile. Zamani palikuwa kiwanda cha matofali. Kilipofungwa, mashimo ya udongo yakajaa maji ya mvua zetu zisizochoka, matete yakaota, ndege wakahamia bila kuomba kibali. Leo ni bustani ya wote. Hakuna kiingilio wala anayekuuliza unatafuta nini. Njia ya kuzunguka maji ilipotaka kuchongwa, tuliitwa kikaoni, tukaonyeshwa ramani yenye njia moja nyembamba. Mzee akasimama. "Njia moja? Nikikutana na mke wa mwanangu nijitupe majini?" Vijana walicheka mpaka wakafuta machozi. Wazee wenzake hawakucheka. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mkamwana hawakutani uso kwa uso. Hukwepana, na huko kukwepana ndiko kuheshimiana. Zikachongwa njia mbili, kila moja upande wake wa bwawa.

Nilimtania sana. "Mzee, chakula cha mkamwana wako unakula kila siku, kumsalimia ndiyo mwiko?" Akanijibu, "Mwalimu, ninyi mnasalimiana kutwa, jioni mnasengenyana." Hapo alinipata. Kila asubuhi alipita upande huu, mkamwana upande ule na mtoto mgongoni. Mtoto akilia, mzee alisimama hadi anyamaze, macho yake yakiwa kwenye matete.

Mwezi uliopita alianguka. Sikuwepo, mkamwana mwenyewe alinisimulia msibani. Alimwona ng'ambo akiyumba, kisha akilala chini, na hapakuwa na mtu mwingine. Kuzunguka kungemchelewesha. Akamkaza mtoto mgongoni, akajitanda kanga usoni, akakata maji katikati, tope likimvuta miguu.

"Niliogopa kumgusa kuliko nilivyoogopa maji, mwalimu," aliniambia. "Nilijua akipona hatanisamehe. Nikampakata kichwa. Akauliza, 'Ni nani?' Nikanyamaza. Akajua. Akafumba macho kwa heshima, halafu akanishika mkono, akasema, 'Ndaga, mwanangu.' Alinishukuru mimi! Hakuniachia mpaka wapita njia walipotufikisha hospitali."

Hakupona. Nimelia, na sioni haya kuandika hivyo. Miaka yote nilidhani bustani ya wote hujengwa ili watu wakutane, nikamwona mzee kama mtu anayetia mchanga kwenye kitumbua. Kumbe wapo wanaohitaji mahali pa kuachana kidogo bila kupoteana, na katika nyumba zetu za mjini, zenye ukumbi mmoja na mlango mmoja, mahali hapo hapapatikani. Wanaopanga miji yetu waache upana wa kutosha ili mtu amheshimu mwenzake kwa mbali, lakini usiwe mkubwa kiasi cha kushindwa kumfikia akianguka.