Dinamo Iliyoanikwa Juani

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilirudi Bariadi nikiwa nimetikisika. Mbele ya wahadhiri watatu niliulizwa jambo moja tu: kwa nini jenereta huwa nzito kuizungusha pindi inapowasha taa? Nilikuwa na kurasa kumi na mbili za milinganyo, yote sahihi, nami nikabaki kuzipekuapekua kama mgeni asiyejua lugha. Siku mbili baadaye, katika stoo ya marehemu bibi, nilikuwa nikisogeza magunia matupu ya pamba, mkono wangu ukagusa fremu ya baiskeli ya mjomba. Nilikaa chini palepale, nikacheka peke yangu. Jibu nilikuwa nalo tangu darasa la tano.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Asubuhi nyumba nzima ilinukia michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa kwa karanga za kutwanga, nasi tulikula harakaharaka, kisha tukaingia shambani na kurudi vidole vimechanwa na maganda makavu. Mjomba, kitinda mimba wa bibi, alikuwa akiposa katika kijiji cha Sola. Safari yake ya kwanza, kaka za binti waliizunguka baiskeli yake isiyo na taa, wakamcheka: "Huyu anaposa na baiskeli kipofu!" Mjomba hakula vizuri wiki nzima. Akanunua dinamo na taa gulioni, akavifunga mwenyewe, akaapa kwamba Jumamosi angerudi kupokea jibu la mwisho, baiskeli yake ikiona.

Mimi nilitaka kujua mwanga ulikaa wapi ndani ya ile dinamo, kichupa cha chuma kinachozungushwa na tairi. Ijumaa, mjomba akiwa kwenye mizani ya pamba, nilikifungua. Nilitarajia kukuta kitu kinachong'aa. Nilikuta sumaku nyeusi ya mviringo, na kuizunguka, waya mwembamba wa shaba uliosokotwa mizunguko mingi kupita uwezo wangu wa kuihesabu. Nilipangusa mafuta, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikazungusha gurudumu. Taa haikuwaka.

Jumamosi asubuhi nilikiri kwa bibi. Hakunigombeza.

"Imechoka tu," alisema.

Kwetu, betri za redio zikiishiwa nguvu zilianikwa juu ya kipande cha bati, na kwa kweli ziliamka kidogo, zikatupa taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu. Bibi akailaza dinamo kando ya betri zake nne. Nami, kwa hofu kwamba upande mmoja ungepata nguvu kuliko mwingine, niliigeuza kila nilipomaliza kuhesabu hadi mia tano. Niliigeuza hivyo mpaka jua likawa utosini. Mjomba alikuwa bafuni, akiimba.

Ndipo akaingia jirani yetu, fundi baiskeli, aliyekuja kurudisha pampu.

"Mwadila, mayu," akamsalimia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama. Akaona bati. "Eh! Leo unaanika dinamo? Kesho utaanika na kengele."

"Cheka tu," bibi akamjibu. "Betri zangu zimeamka. Hii ina kiburi gani?"

"Betri ina kitu ndani yake, mayu. Hii haina. Hii ikilala, imelala."

Aliifungua, akaona mara moja kwamba ncha moja ya waya ilikuwa imeachia. Akaikwangua rangi kwa wembe, akaipachika. Wakati huohuo mjomba akatokea, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi ya mkaa.

"Nani kaifungua?"

Nilitamani ardhi inifiche. Fundi hakuinua hata uso. "Naisafisha, bwana harusi. Ulitaka kwenda ukweni na vumbi?"

Baiskeli ikapinduliwa, magurudumu juu. Fundi aliifunga dinamo, akaniambia nizungushe pedeli kwa mkono huku waya wa taa ukiwa haujaunganishwa. Gurudumu lilikwenda jepesi, likivuma. "Sasa shika vizuri," akasema, akaugusisha waya. Ghafla gurudumu likawa zito, kana kwamba mtu amelishika kwa nyuma, na taa ikawaka, ya manjano, mchana kweupe! Nikiacha, inazimika. Nikizungusha, inawaka.

"Unasikia ule uzito? Ndiyo taa inakula. Inakula mkono wako."

Leo ningesema kwamba kitanzi cha waya kilipofungwa, uga wa sumaku uliokuwa ukibadilika ndani yake ulisukuma umeme, na umeme ule nao ukaupinga mzunguko uliouzaa. Sumaku iliyotulia, hata ikikaa katikati ya waya mwaka mzima, haitoi chochote. Siku ile sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na bega lililouma, na bibi akipiga vigelegele.

Dinamo zimetoweka Bariadi. Vijana wanaposa kwa pikipiki, na juu ya kila paa kuna sola inayowasha taa kimyakimya, bila kumlemea mtu. Naisifu, kwa haki. Fundi ameacha spoku, anauza makava ya simu. Redio ya bibi sijui iliishia kwa nani. Uzito ule wa gurudumu haupo tena mikononi mwa mtoto yeyote wa mtaa wetu, na hilo, nikilifikiri sana, hunisikitisha kuliko inavyostahili.

Lakini mke wa mjomba bado anasimulia Jumamosi ile, na bado anacheka mpaka anashika mbavu. Anasema mjomba alifika kwao jua likiwa kali, taa inawaka. Njia nzima hakuthubutu kuiondoa dinamo kwenye tairi, akihofu isingeamka tena. Shati jeupe limemganda mgongoni, anahema kama ng'ombe wa plau. Wale kaka walifungua midomo wamcheke, baba yao akawahi.

"Mpeni maji kwanza," alisema mzee. "Nimeshamkubali, sitaki mwanangu awe mjane kabla ya harusi."