Siku Wifi Yangu Alipoendesha Gari Jekundu

Mimi na wifi yangu Ivonne hatukupendana kwa miaka mingi, sioni kwa nini nifiche. Alipoolewa na kaka yangu Oreste nilimwambia mbele ya watu kwamba tortelini zake, vile vijifuko vya unga tunavyokula na supu, ni kubwa kama masikio ya punda.

"Afadhali zangu zina nyama ndani, wifi," akanijibu. "Zako tupu kama ahadi za ukoo wenu."

Watu wakacheka mpaka supu ikapoa. Nilinuna wiki nzima. Lakini mwenzangu alisema kweli, na hizo ahadi nitazifikia.

Ivonne alikuwa mshonaji wa viti. Mjini kwetu magari ya mbio ndiyo kazi na ndiyo dini. Yakishinda Jumapili, padri hupiga kengele. Yeye alizaliwa juu mlimani, Castagneto, na angali msichana akashuka kwa miguu na baba yake kuja kutafuta kibarua. Tangu hapo akashona ngozi za viti vya magari mekundu ambayo watu wa mbali huyanunua kwa bei ya nyumba. Hakuwahi kukalia hata kiti kimoja gari likiwa linakwenda. Alitaka jambo moja tu: ashike usukani yeye mwenyewe, apande mpaka kwao, apite mbele ya kanisa wamwone.

Na mumewe je? Kazi ya Oreste ilikuwa kukaa ndani ya magari hayo hayo! Tajiri wake alikuwa akiwakodishia wageni. Mgeni anaendesha, Oreste anakaa kando kumwelekeza, wanapanda njia ya mlimani na kurudi. Jioni anatuigizia mezani.

"Leo nilikuwa na daktari wa meno. Kakanyaga mafuta, kapiga ukelele kama kang'olewa yeye! Eti kiti kinamsukuma mgongoni kama mkono wa mtu. Wote husema hivyo. Mara tukafika kwa Gualtieri."

"Akasemaje?" Ivonne anauliza, kicheko kimeshamjaa.

"'Bwana, gari linaungua?' Nikamwambia haliungui, hao ni nguruwe."

Mabanda ya nguruwe ya Gualtieri yako pale njia inapoanza kupanda, kulia na kushoto. Harufu yao haina adabu. Inapenya hata vioo vikifungwa, inakaa kwenye nywele mpaka uoge, na njia nyingine ya kwenda Castagneto hakuna. Oreste mwenyewe hakuwa akiisikia tena. Mazoea yana tabu.

"Mimi unanipeleka lini?" Ivonne alikuwa akiuliza.

"Msimu ukiisha, mke wangu. Sasa hivi wageni wengi."

Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Mara gari bovu, mara tajiri kasafiri. Nikamwambia, "We Oreste, hiyo kesho kesho yako itakutokea puani." Akanijibu nimezidi kelele.

Kisukari kikaanza na vidole vya miguu, kikapanda machoni. Ivonne akawa anashona kwa kupapasa, halafu hashoni kabisa. Daktari akaandika asipewe tena leseni ya udereva. Siku ile alirudi, akavua koti, akakaa jikoni kukunja tortelini, akaniambia, "Basi tena, wifi." Nililia mimi, yeye hakulia. Hapo ndipo nilipompenda, na nilikuwa nimechelewa sawa na kaka yangu.

Oreste ndiyo akazinduka. Akaenda kumpigia tajiri wake magoti, nasema magoti kweli. Tajiri akamwambia, "Chukua gari Jumatatu. Lakini nikisikia kipofu ameliendesha barabarani, polisi nawaita mwenyewe."

Akanijia. "Dada, unakijua kile kiwanda cha vigae kilichofungwa? Uwanja wake mpana kama shamba. Nitamwambia tunaanzia pembeni mwa mji, kwa sababu ya polisi. Atazunguka mle mle, mimi namsimulia njia. Anachoona ni mwanga tu. Hatajua."

"Utamdanganya mkeo?"

"Nimemdanganya miaka yote. Huu uwe wa mwisho, na uwe mzuri."

Jumatatu nikaenda kuwafungulia geti la kiwanda.

Ivonne alikuja na gauni lake la bluu la kanisani, kajifunga kitambaa kichwani. Akapapasa mshono wa kiti kwanza. "Wamejitahidi," akasema. Injini ikanguruma, njiwa wakatimka paani, gari likaondoka kwa kurukaruka kama mbuzi kisha likatulia. Mkono wa Oreste ulikuwa kwenye usukani, chini ya wake. Vioo vilikuwa wazi, na kila walipopita niliwasikia.

"Kata kushoto, mama, taratibu. Haya, tunapanda. Kanyaga! Usiogope, kanyaga!"

"Nakanyaga! Uuu, Oreste, linanisukuma mgongoni!"

"Si nilikwambia? Punguza, kona hiyo. Hiyooo! Castagneto hiyo, mama! Kanisa lile. Wazee walikuwa wamekaa mbele ya baa, wamesimama wote!"

"Kweli?"

"Wote! Mmoja kavua kofia."

"Napiga honi!" Na akapiga. Oreste sauti yake ilikuwa inacheka na machozi yanamtiririka. Nikageuka nikatazama ukuta, maana sikuweza kuwatazama.

Baada ya siku chache tulikuwa jikoni kwake. Akaniuliza, "Hivi wifi, Gualtieri kauza nguruwe wake?"

Nikajibu bila kufikiri, "Auze wapi? Si juzi tu kaongeza banda!"

Akakunja tortelini moja, akaiweka, akakunja nyingine. "Aha," akasema.

Ndipo nilipoelewa. Kiwandani hapakuwa na harufu. "Ivonne, mwenzangu, sikiliza..."

"Nyamaza, wifi. Usimwambie. Ana raha na wale wazee wake, mwache nao."

"Na wewe?"

"Mimi nilitaka kufika nyumbani," akasema, na siku hiyo alilia.

Kisukari kilipozidi, Oreste aliacha kazi amuuguze. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa safari ile, na Ivonne akiwa kitandani alikuwa akitia chumvi: kofia ilikuwa ya kijivu, mzee mwenyewe alikuwa na kipara. Majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, akafariki. Alikuwa ameomba azikwe kwao.

Gari la maiti lilitangulia, mimi na kaka tukafuata na jirani yetu akiendesha. Tulipofika kwa Gualtieri, jirani akafunga kioo upesi. Oreste, ambaye pua yake ilikuwa na miezi haijapita pale, akainua kichwa.

"Dada. Nguruwe."

Nikatazama mabanda yale.

"Siku ile hapakuwa na nguruwe."

"Hapakuwa."

"Alijua?"

Ningeweza kumdanganya, ukoo wetu tunauweza uongo. "Alijua, kaka. Toka wiki ile ile."

Akashusha kioo chake mpaka chini, akakaa hivyo, uso nje kwenye harufu na baridi, njia nzima. Tukaingia Castagneto. Mbele ya baa wazee walikuwa wamekaa, na jeneza lilipopita wakasimama wote, wakavua kofia. Oreste akajifunika uso kwa mikono, hakuwaona.