Yai la Mwekezaji

Nicheke kwanza mwenyewe, kisha mnisaidie. Karakana yetu ndogo hapa Makole inatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga kwa umeme wa jua. Juzi mwekezaji alikuja kutuona. Asubuhi bosi wangu, Dada Rehema, alinikabidhi trei mbili za mayai: moja nichemshe kwa ajili ya chai ya mgeni, nyingine nipange kwenye mashine. Nikafanya yote, tena kwa madaha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Nionyeshe maajabu yenu.”

Mzee alikuwa na shauku kuliko sisi. Akachukua yai moja kutoka kwenye mashine, akalipakata viganjani kama mtoto mchanga.

“Lina joto kweli.”

“Ndiyo kazi ya mashine yetu, mzee,” nikajigamba. “Wiki tatu tu, kifaranga huyo.”

Akacheka kwa furaha, na yai likamponyoka. Dada Rehema akafumba macho. Likagonga sakafu, ganda likapasuka, lakini hakikumwagika kitu. Mzee akaliokota, akalimenya taratibu, akanitazama.

“Binti, kifaranga wako ameshaiva. Chumvi iko wapi?”