Siku Walipotutenga kwa Kamba

Kamba ya manila iliyowahi kufanya kazi baharini haipotezi harufu hata ukiifua mara ngapi. Inanuka chumvi, dagaa na mafuta ya taa kwa pamoja. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Chuno, muuzaji akaburuta kamba kuukuu afunge mzigo wa mteja, na harufu ile ikanifikia. Nilitamani kutema mate. Kuna watu ambao harufu huwarudisha kwenye maandazi ya mama zao. Mimi ile hunirudisha kwenye uwanja wa mchanga, nikiwa na miaka tisa, na kwenye ujinga mkubwa kuliko wowote niliowahi kuwaona watu wazima wakiufanya kwa kujiamini.

Ujinga wenyewe ulikuwa kutenganisha mashabiki. Wenyeji huku, wageni kule. Mkisikia hivyo mnaweza kudhani nazungumzia uwanja mkubwa, wenye mabasi ya mashabiki kutoka mikoani na askari wenye mbwa. Hapana. Nazungumzia fainali ya kombe la mbuzi kati ya Ufukoni na Likombe, kata mbili za mji mmoja, ambazo mtu hutoka moja akafika nyingine kwa miguu kabla mbaazi hazijaiva jikoni. Mbuzi mwenyewe alifungwa nyuma ya goli, akitafuna karatasi. Mpaka leo naamini yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu kuliko wote pale.

Hakuna aliyekuwa amepigana. Naomba mlishike hilo, maana miaka yote hii nimewauliza waliokuwepo, na kila mmoja hunijibu kuwa ilikuwa tahadhari. Tahadhari ya nini? Hapo hukohoa. Ukweli ni kwamba mwenyekiti wa kamati ya mashindano, Bwana Hemedi, alikuwa mtazamaji mkubwa wa mpira wa Ulaya katika kibanda umiza cha mtaani kwetu. Huko aliona mashabiki wageni wamewekwa kwenye kona yao, wamezungukwa na walinzi kama faru wa mwisho duniani. Akaona huo ndio ustaarabu. Katika mpira wote ule wa Ulaya hakuona nyasi, hakuona vyoo, hakuona machela ya majeruhi. Aliona utengano, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoweza kuigwa kwa kamba. Akaazima moja kwa wavuvi, akavaa kizibao cha kung'aa, akawa serikali.

Kabla ya siku hiyo tulisimama popote. Bibi yangu, Bi Somoe, aliyenilea Ufukoni pamoja na mama yangu, hakukosa mechi hata moja, na sijui kama aliwahi kuelewa maana ya kuotea. Kilichompeleka uwanjani ni mtani wake, Bi Rozalina wa Likombe. Bibi alikuwa Mmakonde wa pwani. Rozalina alikuwa Mmakua, wazazi wake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji akiwa bado mgongoni. Makabila hayo mawili hutaniana, na huo utani si mzaha wa kupitisha muda tu. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, nawe huna haki ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha msibani. Anavaa kanga ya marehemu, anaigiza mwendo wake, anadai uji kwa jina lake, mpaka waliolia tangu asubuhi wanajikuta wamejishika mbavu.

Basi wazee hao wawili walitandika kanga moja kando ya mstari, wakaweka bakuli la mabibo ya mkorosho katikati, wakaanza.

"Mla panya, leo mnafungwa," Bibi alikuwa akisema.

"Afadhali panya wa shambani anakimbia. Nyie samaki wenu wa ng'onda, waliokaushwa juani, wamekufa mara mbili na bado mnawapikia wageni."

"Ndiyo maana una meno marefu, Rozalina."

"Weye huna hata mafupi. Lete hilo bibo nikutafunie."

Mimi nilikaa katikati yao, juisi ya mabibo ikinikausha ulimi. Rozalina hakuniita Mwanahawa hata siku moja. Aliniita Kadagaa, kwa sababu nilikuwa mwembamba na nimetoka Ufukoni, na kila aliponiita hivyo alinipa bibo kubwa kuliko yote bakulini.

Siku ya fainali tulikuta kamba imevutwa kutoka nguzo ya kona hadi kwenye mnazi, na Bwana Hemedi amesimama mbele yake na kipaza sauti ambacho hakukihitaji.

"Bi mkubwa, unashangilia nani?"

"Simshangilii mtu. Nimekuja kumsema Rozalina."

"Huyo yuko upande wa wageni."

Bibi akachungulia kule. "Mgeni nani? Rozalina? Jana kalala kwangu, kakoroma mpaka kuku wakatoka bandani."

Watu wakacheka. Bwana Hemedi hakucheka. Mtu akishavaa kizibao cha kung'aa, kucheka huwa ni kushuka cheo. "Ni utaratibu, mama," alisema. "Kwa usalama wenu."

Bibi angeweza kuipita ile kamba kwa kuinua mguu tu. Hakuipita. Nimemlaumu kwa hilo kuliko nilivyomlaumu Hemedi. Kizazi kile kilizoea kuwa mwenye kipaza sauti amesomea jambo fulani. Tukakaa upande wetu. Bakuli la mabibo likabaki mapajani mwa Bibi, na hakula hata moja.

Nawaomba muitazame ile kamba kama mtoto alivyoitazama. Mpaka jana yake Likombe lilikuwa jina la mahali. Sasa likawa watu, wote pamoja, wamesimama ng'ambo wakitutazama. Upande wetu nao tukawa Ufukoni watupu, na hakukuwa na Mlikombe karibu wa kutufanya tuone haya. Mtu akitukana, aliye jirani yake anamuunga mkono. Maneno yalipaa juu ya kamba na hayakurudi na jibu, kwa sababu umbali ule jibu halisikiki, kinachosikika ni kelele. Kipindi cha pili Likombe wakafunga, na mabibo yakaanza kurushwa. Mnajua doa la bibo: nguo huchakaa lenyewe likabaki.

Nilimwona Rozalina. Alisimama mbele kabisa, karibu na kamba, gauni lake la kitenge cha njano, akimtafuta Bibi kwa macho. Nikafanya nilichokijua. Nikapanda kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikapaza sauti, "Mla panya!"

Aliniona. Uso ukamfunguka, akainua mkono kama kawaida yake anapotafuta jibu la kunimaliza. Mngeuona ule mkono. Lakini nyuma yangu vijana wa Ufukoni walikuwa wamelipenda lile neno. Wakalidaka. "Wala panya! Wala panya!" Na kutoka mahali fulani, sijui kwa nani, likaja la pili: "Rudini Msumbiji!"

Hilo halikuwa la utani. Utani haujawahi kumwambia mtu aondoke, maana akiondoka utamtania nani? Lakini nilikuwa na miaka tisa, umati mzima unaimba wimbo nilioanzisha mimi, na raha yake ilikuwa kubwa kuliko mabibo yote ya dunia. Nikaimba nao. Nilimtazama usoni mwanamke aliyenibeba mgongoni, nikamwambia arudi Msumbiji. Niliimba mara tatu. Ule mkono ulishuka polepole, akaufuta kwenye gauni kana kwamba umeshika kitu kichafu.

Bibi alinivuta kutoka kwenye ndoo kwa sikio. Hakunipiga. Wakati huo mawe yalikuwa yameanza, mechi ikavunjika, na Bwana Hemedi akapata saa yake kubwa ya maisha. "Mmeona?" aliuliza kwenye kipaza sauti, akiinyooshea kidole kamba iliyokatika. "Mmeona kwa nini tuliwatenga?" Watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Nimesoma chuo kikuu, nimekaa kwenye makongamano ya watu wenye suti, na bado sijakutana na hoja nyingine iliyojithibitisha kwa uchafu wake yenyewe kiasi hicho. Msimu uliofuata walinunua kamba mbili.

Kesho yake Bibi alifunga mabibo kwenye kitambaa safi akanipeleka Likombe kuomba radhi. Njiani alinifundisha maneno ya kusema. Niliyasema. Rozalina alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mtoto hana kosa." Akaingia ndani akatoka na kiti, akakipangusa vumbi, akamkaribisha Bibi akae. Bibi alimrushia tusi moja la zamani, lile la meno. Rozalina akatabasamu, akasema, "Ahsante, Bi Somoe," akauliza kama chai yetu iwe na sukari.

Tulipofika nyumbani Bibi alikaa sakafuni, akamwambia mama, "Kanipa kiti." Mimi nikadhani anajisifu. Kiti ni heshima, au sivyo? Nilifurahi kwamba mambo yamekwisha. Sikujua kwamba kwa miaka yote wawili hao walikuwa wakisukumana kugombea mkeka mmoja.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Bi Rozalina alikuja mapema, amevaa vizuri, ushungi hadi kwenye nyusi kama Waislamu wenyeji, akaketi pamoja na wanawake wengine. Kanga ya Bibi ilikuwa imekunjwa juu ya kitanda, mahali ambapo mtani angeifikia. Hakuigusa. Hakuigiza mwendo wa mtu, hakudai uji wa mtu. Siku nzima hakuna aliyecheka katika nyumba ile. Majirani walimsifu. Walisema yule mama wa Likombe ana adabu, watani wengine wangetuletea fujo. Nami nilikubali, kwa ujinga uleule wa waliotikisa vichwa uwanjani.

Alipokuwa akiondoka alinikuta mlangoni. Nilikuwa nimerefuka, bado mwembamba. Nilisimama nikisubiri lile jina, sikujua kwamba nalisubiri mpaka lilipokosekana. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtoto wa watu.

"Pole sana, Mwanahawa," alisema.