Kisa Alichokipeleka Mchungaji Darasani

Kanisani, mama mchungaji ni mke wa mchungaji. Sasa kwetu mchungaji ni mke wangu, na mimi ni fundi wa magari, kwa hiyo vijana wa gereji wakaona cheo hicho hakiwezi kukaa bila mwenyewe. Wananiita Mama Mchungaji. Nimelala chali chini ya lori, oili inanidondokea usoni, naitwa Mama Mchungaji nije nizungumze na mteja. Nilikasirika mpaka nikachoka. Nayasema haya mapema ili ujue anayesimulia ni nani, na kwamba si mtu mpole. Mpole ni yeye.

Mke wangu aliingia kwenye uchungaji kwa mlango wa makaburini. Alipokuwa msaidizi, wenzake wa kiume walikuwa na mikutano kila palipotokea msiba, basi mazishi na wodi wakamwachia yeye. Amewafumba macho watu waliovunjwavunjwa na ajali. Amemshika mkono msichana aliyemwagiwa mafuta ya taa na mchumba wake akawashwa moto, akakaa naye mpaka akakata roho. Siku kama hizo akirudi anavua viatu mlangoni, anakaa jikoni. Mimi namchemshia chai. Huo ndio umama mchungaji wangu.

Kilichomrudisha shule ni hayohayo. Alisema chuo cha kwanza kilimfundisha kuhubiri, hakikumfundisha aseme nini mbele ya mtu anayevuja damu. Akasikia kuna shahada ya uzamili ya theolojia kwa wachungaji walio kazini: unakwenda chuoni wiki nzima, mnasoma asubuhi hadi jioni, kisha unarudi kanisani kwako na furushi la vitabu mpaka wiki nyingine ya masomo ifike. Akaomba nafasi, akapata. Jikoni kwetu pakawa maktaba. Ukitaka sukari unahamisha kwanza vitabu vya mababa wa kanisa.

Katika masomo hayo wana desturi wanayoiita kupasua kisa. Kila mchungaji analeta jambo lililomkuta kazini kwake, analisimulia, na wenzake wanalifungua kipande kwa kipande, kama sisi tunavyofungua injini: hapa ulikosea, hapa ulimwacha mtu peke yake. Sheria ni kwamba majina yanabadilishwa, na kilichosemwa chumbani kinabaki chumbani. Mke wangu aliipenda sana desturi hiyo. Alisema kwa mara ya kwanza ana mahali pa kutua mzigo.

Kanisani kwetu tulikuwa na mzee wa kanisa ambaye ni seremala. Mabenchi yote tunayokalia aliyatengeneza yeye, na kusema kweli ni mabenchi ya maana. Kila jioni nyumbani kwake kulisikika wimbo. Madirisha wazi, sauti ya mkewe juu kabisa, ukipita unasema hii ndiyo nyumba ya mcha Mungu. Mke wangu aliwahi kuisifu nyumba hiyo mimbarini, akatuambia sisi wengine tujifunze. Mimi nilinuna, maana kwangu jioni kinachosikika ni redio ya mpira.

Halafu siku moja mke wa seremala akaja ofisi ya kanisa, vidole viwili vimefungwa vijiti. Hospitali alisema ni mlango. Kwa mke wangu alisema kweli. Mumewe humwamuru aanze wimbo, tena kwa sauti, ndipo anachukua ubao mwembamba na kumpiga mgongoni na miguuni. Akikatiza wimbo anaongezewa. Akikosea ubeti anaanza upya. Majirani wanasikia wimbo. Vidole vilivunjika siku aliponyoosha mkono kujikinga, na hata hapo alitakiwa amalize kiitikio.

Mke wangu aliikumbuka ile sifa aliyoimwagia nyumba hiyo mimbarini. Wakapanga wawili hao kwamba dada wa mama huyo, anayeishi mji mwingine, atafute chumba, na mwisho wa mwezi mama atoroshwe. Mama huyo aliomba kitu kimoja tu, mtu yeyote asijue. Alisema akijua mumewe kwamba amesema, atamuua, na alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mke wangu akamwahidi. Mimi mumewe niliambiwa tu kwamba kuna safari nitaombwa kuendesha, nisiulize. Sikuuliza.

Kabla ya mwisho wa mwezi ikafika wiki ya masomo. Alikwenda akiwa hajalala vizuri. Aliogopa. Kumsaidia mke wa mzee wa kanisa kutoroka si jambo dogo, linaweza kupasua kanisa, na alitaka kujua kama yuko sawa. Basi ilipofika zamu yake akakipeleka kisa hicho darasani. Seremala akamgeuza fundi viatu. Akabadilisha mji, akabadilisha watoto, akabadilisha umri. Wimbo akauacha ulivyo. Bila wimbo, alisema baadaye, wasingeelewa ni ukatili wa namna gani. Kwa hiyo mimi ninayelala naye kitanda kimoja sikuambiwa, lakini darasa zima liliambiwa.

Darasa liligeuka kama msiba. Kulikuwa na mchungaji mmoja, kanisa lake kubwa, wenzake wanamwita Spika kwa sababu sauti yake haihitaji mitambo na haina mahali pa kuizimia. Huyo alilia machozi ya kweli. Na walimsaidia, siwezi kuwanyima hilo. Wakamwambia mwisho wa mwezi ni mbali, mtoe huyo mama mara tu ukirudi. Mke wangu akarudi Jumamosi, ameamua. Safari ingekuwa Jumanne.

Jumapili Spika akapanda mimbarini. Somo lake lilikuwa kuhusu ibada ya uongo, na mhubiri akipata mfano mzuri ni kama mlevi aliyeona chupa, mkono unakwenda wenyewe. Akawasimulia waumini wake habari za fundi viatu mmoja anayemwimbisha mkewe huku anampiga. Hakutaja jina. Watu wakalia, wakapiga kelele, na mahubiri yakarekodiwa na kuanza kutembea kwenye simu za watu. Mimi nimekaa na wachungaji muda mrefu na nakuambia, wana dhambi zao kama sisi, ila hii ni ya kwao peke yao.

Jumatatu rekodi hiyo ikafika karakana ya seremala. Kijana mmoja wa pale aliweka simu juu ya rundo la mbao, sauti mpaka mwisho, wakasikiliza huku wanapiga msasa. Wote walimlaani yule fundi viatu. Mmoja akasema mtu huyo angepitishwa kwenye msumeno wa umeme, aanzie miguuni, na wengine wakacheka. Seremala alikuwa katikati yao na randa mkononi. Akauliza huyo mhubiri ni nani. Wakamwambia ni mtu wa kanisa fulani, anasoma pamoja na mchungaji wetu. Akaweka randa chini, akachukua nyundo yake ya mti, ile nene ya kugongea patasi, akatoka. Hawakushangaa. Seremala kubeba nyundo kuna ajabu gani?

Siku hiyo hakuomba wimbo. Alimkuta mkewe anaanika nguo akampiga taya, likatoka mahali pake, akampiga tena sikioni. Mama alianguka kwenye beseni, akainuka, akakimbia na nguo mbichi zimemzonga miguuni. Alipita barabarani mchana kweupe, damu kifuani, watu wanamtazama. Hakukimbilia kwa jirani yeyote. Alikimbilia ofisi ya kanisa.

Mke wangu alimvuta ndani, akasimama mlangoni. Mlango huo kufuli lake lilikuwa limekufa siku nyingi. Seremala akafika, anahema.

"Pisha, mchungaji. Huyo ni mke wangu."

"Hupiti."

Akampiga ya bega. Mfupa wa mtulinga ukakatika, na mimi gereji yangu iko nyuma ya ukuta wa kanisa, niliusikia ukelele wake. Sijawahi kumsikia mke wangu akipiga ukelele, hata kwa uchungu wa kuzaa. Aliushika mwimo wa mlango kwa mkono uliobaki, akapigwa kiwiko, hakuuachia. Akapigwa paja, akapiga magoti, lakini akawa bado ameziba njia kwa mwili wake. Nilipotokea, nyundo ilikuwa juu tena, na safari hii ilikuwa inakwenda kichwani.

Nilikuwa na spana ya magurudumu. Nilimpiga goti kwa nyuma, akakaa chini. Nikampiga mkono, nyundo ikaruka, vidole vikabaki vimetazama pasipopasa. Nikampiga mbavu. Vijana wa gereji walikuwa wamefika, wananivuta shati, na mke wangu pale chini, uso umempauka, akaniambia, "Baba watoto, inatosha."

Sikuona kwamba inatosha. Nikaongeza moja. Wakinihubiria kuhusu hiyo moja huwa nawasikiliza kwa adabu, kisha narudi kazini.

Polisi walituchukua wote wawili. Mimi niliachiwa, yeye akawekwa ndani, na nasikia atakaa muda mrefu. Wanawake wale wawili walilazwa wodi moja, vitanda vinatazamana. Mke wangu alifungwa mkono kifuani. Mke wa seremala alifungwa taya kwa waya, na sikio la kushoto halikusikia tena. Alikunywa uji kwa mrija. Mke wangu alijikokota kila asubuhi kwenda kumwombea, na mama huyo alifumba macho, akaitika amina kwa kichwa.

Spika akaja na mfuko wa matunda, kumletea mtu asiyeweza kufungua mdomo. Nilimkamata kola kwenye ukumbi nikambandika ukutani. Nilitaka kumuua, sitanii. Alilia, akasema hakutaja jina hata moja, akasema amewahi kutumia mifano mia na haijadhuru mtu. Mke wangu alitoka wodini, lakini hakuja kumtetea. Alimwambia maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Alimwambia amemuuza mwanamke kwa ajili ya amina za watu, kwamba kile chumba cha darasani kilikuwa madhabahu na yeye amekigeuza genge la sokoni. Kisha akamshika mkono, akamwingiza mpaka kitandani kwa mke wa seremala, akamwambia apige magoti aombe msamaha.

Spika akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo, akaomba msamaha. Mke wa seremala alimtazama, kisha akamtazama mke wangu. Aliongea kwa meno yaliyofungwa, polepole, ikabidi wote tuiname.

"Huyu baba simjui," alisema. "Hajawahi kuniahidi kitu."

Spika aliinua kichwa, nadhani alidhani amesamehewa. Mke wangu alielewa. Niliona maneno yakimwingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa mwingine, hakuomba tena siku hiyo. Nilitaka kumwambia mama wa watu kwamba huyu unayemsema ndiye aliyevunjwa mifupa kwa ajili yako. Nilifungua mdomo kabisa. Mke wangu akatikisa kichwa, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu mimi ni kazi ya kubeba gunia.

Baadaye waya ulifunguliwa na dada yake akaja kumchukua na gari la kukodi. Tulikwenda kuwaaga. Mke wangu, mkono bado uko kwenye kitambaa, alibeba mfuko wa nguo kwa mkono mzima, akauweka kwenye buti. Wakakumbatiana. Mama huyo alimkumbatia kwa uangalifu, akilikwepa bega bovu, hakuna ubaya wowote. Mke wangu akamuuliza watakaa mtaa gani huko, ili akipata nafasi aende kumjulia hali.

"Nitakupigia, mchungaji," alisema, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango.

Gari likaondoka. Mke wangu alisimama pale langoni anapunga mkono hata lilipokwisha kukata kona, mpaka mlinzi akatuomba tupishe gari la wagonjwa.

"Namba yako anayo?" nilimuuliza.

"Hana," alisema. "Simu yake ilivunjwa siku ile. Nilikuwa nimemwandikia namba kwenye karatasi. Ameiacha juu ya kitanda."