Mkalimani wa Chovai na Shuka la Kumeta

Sisi wanawake wa Chovai Kisomali tunakijua, lakini Mwanatumu alikijua zaidi, na hakuacha mtu asahau. Alikipata sokoni Kismayo akiuza papa mkavu na mikeka, akizozana na wanunuzi mpaka wachoke. Mgeni akishuka kisiwani, aitwe Mwanatumu. Tulimtania kuwa hata ndotoni anafasiri. Alicheka, akajifunga leso vizuri, akaenda kufasiri.

Mwaka jana walikuja watu wa afya. Mmoja wao, kijana wa miwani, akatugawia mashuka ya kumeta, membamba kama ganda la kitunguu. Akasema ni ya wagonjwa wanaosafirishwa juani. Tukauliza yanawekwaje. Akajibu neno moja la Kisomali: korkiisa. Mwanatumu akatufasiria: mwilini mwake. Kijana akapanda boti yake akaenda zake. Eti mgeni njoo mwenyeji apone! Huyu hata maji hakunywa kwetu.

Mwezi wa Shaabani mume wa Mwanatumu, Nassor, fundi wa mashua, akashikwa na homa kali. Boti ya kwenda Kismayo ilipatikana mchana, jua la utosi, na haikuwa na kivuli hata cha kanga. Nilikwenda nao. Mwanatumu akamlaza juu ya mbao, akamzungushia shuka lile kuanzia shingoni hadi nyayoni, akalifunga kwa kamba lisipeperuke. Kwetu mwenye homa hufunikwa atoke jasho, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Njiani Nassor akaanza kutapatapa.

"Mwanatumu, nifunue. Mocho."

Moto, alisema kwa Kibajuni chetu, kile cha kumwita mtu mchu.

"Vumilia, bwana. Ndiyo dawa yake."

Akamlowesha midomo, akaikaza kamba. Baadaye Nassor akanyamaza. Tukafurahi kwamba amepata usingizi.

Hospitalini, muuguzi aliyeitwa Fardowsa akalichana shuka lile. Ngozi ya Nassor ilikuwa kavu, inachoma mkono. Hakufika magharibi.

"Nani alikwambia umfunge hivi?" Fardowsa aliuliza kwa Kisomali.

Mwanatumu akalitaja neno. Fardowsa akashusha pumzi. Neno hilo, akasema polepole, laweza kuwa mwilini mwake, na laweza kuwa juu yake. Shuka lilitakiwa litandazwe juu ya mgonjwa, mfano wa paa, upepo upite chini.

Nilitamani kumtafuta yule kijana wa miwani nimkabe koo. Neno moja tu, na hata hakungoja kuona tumelielewaje.

Msibani wanawake walimfariji Mwanatumu kwa maneno ya siku zote: ajali haina kinga, siku za Nassor zilikuwa zimetimia, lugha ya wenyewe humtelezesha yeyote. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Neno la Kisomali lilinipita," akasema. "Na la Kibajuni je? Mchu kaniambia mocho."